Anayetuma msimbo kwenye mradi huria aweze kuueleza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie mjadala ulioanzishwa na makala ya gazeti lako kuhusu vijana wa vyuo wanaotumia zana za akili mnemba kuzalisha msimbo wa kompyuta, yaani maandishi ya maagizo yanayounda programu, na kuupeleka kwenye miradi ya programu huria. Makala ile iliwasifu vijana hao, na sehemu kubwa ya sifa hizo nakubaliana nayo, kwa sababu si jambo dogo kwa mwanafunzi aliye Mbeya au Kigoma, mwenye kompyuta ya kuazima na kifurushi cha intaneti cha kubana matumizi, kutia mkono wake katika programu inayotumiwa dunia nzima. Kilichonisukuma kuandika ni pale makala ilipopima mafanikio yao kwa idadi ya mabadiliko waliyoyatuma kwa mwezi, ikaishia hapo, bila kuuliza ni nani aliyeyasoma mabadiliko hayo yalipofika yalikokwenda, wala kama vijana wenyewe waliyasoma kabla ya kuyatuma.

Swali hilo linanigusa moja kwa moja. Kwa miaka minane sasa, baada ya saa za kazi, nimekuwa mmoja wa watu watatu wanaotunza programu huria ndogo yenye kazi moja tu: kuzielewa saa na tarehe zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mtu akiandika "saa mbili usiku", programu inapaswa kujua kwamba hiyo ni 20:00. Akiandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", inapaswa kujua ni siku gani hasa inayotajwa. Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka uifanye. Hatulipwi, na hatukuomba kulipwa. Lakini miongoni mwa wanaoitumia programu hiyo wamo watengenezaji wa mifumo ya ujumbe mfupi inayowakumbusha wagonjwa miadi ya kliniki na muda wa kumeza dawa, na kila ninapoidhinisha mabadiliko nawafikiria hao.

Kwa wasomaji walio nje ya fani hii, programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, yeyote akiruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa kwa masharti ya leseni yake. Si mchezo wa watu wachache. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa msomaji imejengwa juu ya kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Takwimu za afya zinazotoka katika vituo vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hupita katika DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliosambaa katika nchi nyingi, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mwaka 2004 katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na mimi ni mmoja wa waliovutwa katika kazi hii na kitu kile. Nilikaa mbele ya skrini nikisoma maagizo ya kompyuta kwa lugha ya mama yangu, nikaambiwa kwamba waliofanya hivyo hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Sasa nieleze kilichotupata mwaka jana, kwa sababu ndicho kinachonipa haki ya kusema.

Watumiaji walikuwa wameomba programu yetu ielewe maneno "kasorobo" na "na robo", ili "saa tatu kasorobo asubuhi" isomeke 8:45. Tuliandika ombi hilo hadharani kama tufanyavyo siku zote, na baada ya siku mbili tukapokea mabadiliko kutoka kwa mchangiaji mpya. Yalikuwa na mistari zaidi ya 900. Maelezo yake yaliandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, yakiwa na vichwa vya habari na orodha ya faida, na mwishoni yalitaja kwamba majaribio yote 62 yamefaulu. Kwa wasiojua, majaribio ni vipande vya msimbo vinavyoiuliza programu maswali yenye majibu yanayojulikana, na yakifaulu yote ndipo mtunzaji anapata imani ya kuanzia. Nilipoyaendesha kwenye kompyuta yangu yalifaulu kweli, mstari baada ya mstari, kijani kitupu.

Nilianza kuusoma msimbo siku ya Jumatano usiku. Ulikuwa safi na wenye mpangilio, majina yake yakieleweka, na ndiyo maana ilinichukua jioni mbili kugundua kwamba haukuongeza kasorobo tu, bali ulikuwa umeandika upya sehemu ya ndani kabisa, ile inayogeuza saa. Kanuni yake mpya ilikuwa rahisi: chukua namba, kisha kama limetajwa neno "mchana", "jioni" au "usiku", ongeza 12. Kwa kanuni hiyo, saa mbili usiku inakuwa 14:00. Saa mbili asubuhi inakuwa 2:00, usiku wa manane. Saa nane mchana inakuwa 20:00. Msimbo ule ulikuwa umeichukua saa ya Kiingereza ukaivika maneno ya Kiswahili, na kwa kuwa majaribio yalizalishwa na zana ile ile, yalikuwa yameandikwa kuthibitisha kosa lile lile. Yale ya zamani, tuliyoyaandika kwa mikono yetu, yalikuwa "yamesahihishwa" ili yakubaliane na mapya.

Nilimwandikia mchangiaji nikamuuliza kwa nini alibadili kanuni ya saa. Jibu lilikuja haraka, refu na lenye adabu, likinishukuru kwa uchunguzi wangu makini na kueleza kwamba kanuni mpya inaendana na viwango vya kimataifa. Nikauliza tena. Nikapata jibu jingine la namna ile ile. Mara ya tatu niliacha Kiingereza nikaandika kwa Kiswahili kwamba naomba tuzungumze kwa simu, na jioni ile akanipigia kijana wa mwaka wa pili wa chuo, Mtanzania, mwenye sauti ya woga.

"Mdogo wangu," nilimwambia, "fungua jaribio la tatu unisomee kwa sauti."

Akasoma: "Saa mbili usiku ni sawa na kumi na nne kamili." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini kumi na nne kamili ni saa nane mchana, kaka."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alikuwa anaijua saa ya Kiswahili tangu anajifunza kuongea; hakuna kitu katika mradi ule alichokifahamu vizuri kuliko hicho, na ndicho alichokipitisha bila kukitazama. Aliniomba radhi kwa maneno machache yaliyokuwa yake mwenyewe: "Samahani kaka, sikuusoma. Niliona majaribio yamepita nikajua tayari." Sikumgombeza, maana angeweza kukata simu asirudi, nami nisingemlaumu. Nilimwomba aanze upya bila zana, afanye kasorobo peke yake. Baada ya wiki moja na nusu alileta mistari 14. Tuliipokea, na mpaka leo inafanya kazi.

Mhariri, nimeusimulia mkasa huu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo zima ninalotaka kulisema. Kuandika msimbo hakujawahi kuwa kazi ngumu kuliko zote katika mradi huria. Kazi ngumu ni kuusoma wa mwenzako, kuuelewa, kuukubali na kuubeba kwa miaka ijayo baada ya mwenyewe kuondoka. Zamani kulikuwa na usawa fulani wa asili kati ya pande mbili hizi: aliyetaka kunipa mistari 900 ilimbidi atumie majuma kadhaa kuiandika, na katika majuma hayo angegundua makosa yake mengi yeye mwenyewe. Leo anaipata kwa dakika chache, nami bado nahitaji jioni mbili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hivi ndivyo unavyoonekana kwa anayeutuma.

Hali hii si yetu peke yetu. Mfano ninaoufuatilia kwa karibu zaidi ni wa curl, programu huria ya kusafirisha data kwenye mtandao, ambayo watunzaji wake wanakadiria kwamba imesakinishwa zaidi ya mara bilioni 20, kwenye simu, magari, televisheni na seva. Inaongozwa na Daniel Stenberg wa Sweden. Tangu mwaka 2019 mradi huo ulikuwa ukitoa zawadi ya fedha kwa anayegundua udhaifu wa kiusalama, na kwa muda mrefu utaratibu ulileta matunda. Kisha zikaanza kumiminika taarifa zilizoandikwa na mashine, zenye lugha ya kitaalamu na ushahidi wa kutunga, zikitaja hata vipengele ambavyo havimo katika msimbo. Katikati ya mwaka 2025 Stenberg alieleza kwamba takriban asilimia 20 ya taarifa walizopokea zilikuwa takataka za aina hiyo, na kwamba ni kama asilimia 5 tu ya taarifa zote za mwaka huo zilizoonesha udhaifu wa kweli. Kikosi chao cha usalama kilikuwa na watu saba, na kila taarifa iliwashughulisha watatu au wanne kati yao, kwa nusu saa na wakati mwingine hadi saa tatu kila mmoja. Mwishoni mwa Januari 2026 waliifunga ile zawadi. Ninapowaza watu saba, wengi wao wa kujitolea, wanaolinda kitu kilicho ndani ya mabilioni ya vifaa, wakitumia jioni zao kukanusha makosa ambayo hayakuwahi kuwepo, naona uchungu, na sioni aibu kukiri hivyo.

Uchovu wa watunzaji si suala la starehe zao. Mwaka 2024 dunia iliponea chupuchupu kwa sababu ya xz, programu huria ndogo ya kukandamiza mafaili. Mtunzaji wake alikuwa akiibeba karibu peke yake, na alishasema hadharani kwamba amelemewa; akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa mamlaka, kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungeweza kufungua seva nyingi sana za Linux. Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kulichelewa kwa karibu nusu sekunde, akafuatilia. Mkasa ule haukuhusu akili mnemba. Unaonesha tu kwamba jicho la mtu aliyetulia ndilo ukuta wa mwisho wa programu hizi, na kila anayeleta rundo la msimbo asioujua analichosha jicho hilo.

Kuna wanaosema kwamba haraka inayopatikana inafidia yote hayo. Nawaomba watazame utafiti wa taasisi ya METR ya Marekani, uliotolewa Julai 2025. Watayarishaji programu 16 wenye uzoefu walifanya kazi 246 katika miradi huria waliyoifahamu vizuri, katika baadhi ya kazi wakiruhusiwa na katika nyingine wakikatazwa kutumia zana za akili mnemba, kila kazi ikipangiwa upande wake kwa bahati nasibu. Walipotumia zana walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Wao wenyewe, baada ya kumaliza, waliamini kwamba zana zimewaharakisha kwa asilimia 20. Ni utafiti mdogo, zana hubadilika kila mwezi, na nisingependa mtu auchukulie kama hukumu ya milele. Ninachokichukua mimi ni pengo kati ya walichokihisi na kilichotokea, kwa sababu ndilo pengo alilokuwamo yule kijana wetu alipoona kijani kitupu akajua tayari.

Lipo pia suala la haki, ambalo katika vyuo vyetu nadra kulisikia likitajwa. Mradi huria unasimama juu ya leseni, na leseni inasimama juu ya mtu kusema kwa ukweli: hiki ni changu, nami natoa ruhusa. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wake uliingizwa katika Linux kinyume cha haki, na mwaka uliofuata watunzaji wa Linux wakaanzisha hati ya uthibitisho wa asili, ambapo kila anayetuma mabadiliko huweka jina lake chini ya tamko kwamba ana haki ya kuyatoa. Miradi mingi imeiga. Sasa mtu anayetuma msimbo uliotoka kwenye zana iliyofunzwa kwa mabilioni ya mistari ya watu wengine, yenye leseni za kila aina, anatia sahihi juu ya nini? Watayarishaji programu kadhaa walifungua kesi San Francisco mwezi Novemba 2022 dhidi ya GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi msimbo, pamoja na Microsoft na OpenAI, kuhusu jambo hilo hilo. Na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi iliyohusu picha iliyotengenezwa na mashine, iliamua kwamba hakimiliki inahitaji mtunzi aliye binadamu. Mimi si mwanasheria, lakini najua kwamba mbuzi kwenye gunia hanunuliwi, sembuse kupokewa bure na kuingizwa kwenye zizi la kijiji.

Ndiyo maana baadhi ya miradi imefunga mlango kabisa. Baraza la Gentoo, mradi wa mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, lilipiga marufuku michango iliyotengenezwa kwa zana hizi Aprili 2024, likitaja hakimiliki, ubora na maadili. Mwezi uliofuata NetBSD, mfumo endeshi mwingine huria, ikatangaza kwamba msimbo wa namna hiyo utachukuliwa kuwa una doa, na hauingizwi bila idhini ya maandishi ya viongozi wa mradi. Juni 2025 QEMU, programu ya kuigiza kompyuta moja ndani ya nyingine, nayo ikakataa, kwa hoja hasa ya ile hati ya asili. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, kwa upande wake iliruhusu mwezi Oktoba mwaka huo huo, ikitaka mchangiaji ataje kwamba amesaidiwa na zana na abebe dhamana yote ya alichokileta.

Mimi naegemea upande wa Fedora, ingawa nawaelewa sana Gentoo. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba zana ikiwa mikononi mwa anayejua huleta mambo mazuri, na curl yenyewe ni shahidi. Septemba 2025, katikati ya mafuriko yale ya taarifa za uongo, mtafiti mmoja wa usalama aliwaletea orodha ndefu ya hitilafu alizozipata kwa msaada wa zana za akili mnemba, naye akiwa amezipitia kwa akili yake. Nyingi zilikuwa za kweli, watunzaji wakazirekebisha kwa makumi, na Stenberg akamshukuru hadharani. Aina ya zana ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa mtu aliyesimama kati ya zana na watunzaji.

Sababu ya pili ni yetu hasa. Miradi mikubwa huendeshwa kwa Kiingereza, na nimeshuhudia vijana wenye uwezo mkubwa wakikaa kimya kwa miaka kwa kuogopa kuchekwa sarufi yao. Kijana akiutumia mtambo kunyoosha barua aliyoiandika mwenyewe, au kuelezewa msimbo mgeni asiouelewa ili aende kuuhakiki, simwoni na kosa lolote, na marufuku ya jumla yangemrudisha kwenye ukimya wake. Lakini namwomba anisikilize kwa hili: sisi watunzaji hatukosi usingizi kwa sababu ya Kiingereza kibovu. Sentensi mbili zenye makosa kutoka kwa mtu anayejua alichokifanya zina thamani kubwa kwetu kuliko kurasa tano zilizonyooka za mtu asiyejua.

Ninachopendekeza basi ni sharti moja, na katika mradi wetu tumeshaliandika: anayetuma msimbo awe ameusoma wote, aseme kama umezalishwa na zana, na aweze kuueleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yoyote anayoimudu, mtunzaji akimuuliza. Akishindwa kueleza, mabadiliko yanafungwa bila ugomvi na mlango wa kurudi unabaki wazi. Tumeongeza na jambo la pili lililotokana na mkasa wa saa: majaribio ya zamani hayaguswi katika mabadiliko yale yale yanayoongeza kitu kipya. Anayetaka kulibadili jaribio lililopo alete hoja yake peke yake, aeleze ni kwa nini jibu la zamani lilikuwa na makosa. Sharti hilo dogo lingetuokoa jioni zile mbili.

Lawama zote tukiwatwika vijana tutakuwa tumewaonea. Mwaka 2020, kabla zana hizi hazijaenea, tamasha la kila Oktoba linalohamasisha michango kwenye miradi huria lilikuwa linatoa fulana kwa washiriki waliofikisha idadi fulani ya mabadiliko, na miradi ikafurikwa na mabadiliko ya kuongeza neno moja hapa na nukta pale, mpaka waandaaji wakalazimika kubadili kanuni tamasha likiwa limeshaanza, ili washiriki waende tu kwenye miradi iliyokubali kushiriki. Watu hufuata kinachohesabiwa. Nimeyaona hapa nyumbani mashindano na programu za mafunzo zinazompa mwanafunzi alama kwa wingi wa michango yake, na waajiri wanaotazama vile viboksi vya kijani vinavyoonesha wingi wa michango kwenye ukurasa wake wa mtandaoni na kumaliza usaili hapo. Tukiendelea kupima hivyo, halafu tukawapa zana inayozalisha mistari 900 kwa dakika chache, tusishangae wakileta mistari 900.

Na hasara kubwa inawaangukia wao. Mimi sikusoma sayansi ya kompyuta. Nilijifunza kazi hii kwa kukataliwa na watu nisiowajua, walioketi usiku kwao huko Brazil, Ujerumani na India, wakaniandikia kwamba mstari wa 31 utavunjika siku mwezi ukiwa na siku 28, na kwamba jina nililolichagua halisemi kinachofanyika. Barua hizo bado ninazo. Hakuna chuo ambacho kingenipa walimu wale, nami nisingekuwa na ada ya kuwalipa. Shule hiyo iko wazi kwa kijana yeyote wa Tandahimba au Kasulu, bila kujuana na mtu, lakini inafundisha kwa njia moja tu, nayo ni mtu kuleta kazi aliyoifikiria na kuusikiliza ukosoaji wake. Anayeleta kazi ya mtambo na kujibu ukosoaji kwa maneno ya mtambo amekaa nje ya darasa, na mwalimu anasema na ukuta.

Nawaomba wakufunzi wa vyuo vyetu watenge muda wa kufundisha kusoma msimbo, si kuuandika tu. Wamkabidhi mwanafunzi mistari 50 ya mradi huria wa kweli, iwe DHIS2 au OpenMRS ambazo hospitali ya mkoani kwake inaweza kuwa inazitumia, na kumtaka asimame mbele ya wenzake aeleze kila mstari unafanya nini na nini kitatokea ukiondolewa. Zoezi hilo halihitaji maabara mpya. Na wewe, Mhariri, mwandishi wako atakapomhoji tena kijana mwenye mabadiliko mengi kwa mwezi, namwomba achague badiliko moja kati ya hayo, amwombe kijana alieleze, na aliandike gazetini jibu lake.

Yule wa mwaka wa pili sasa ni mtu wa nne katika mradi wetu. Hajatuma msimbo mwingi tangu wakati ule. Kazi aliyoiomba mwenyewe ni kuyapitia mabadiliko ya wageni kabla hayajatufikia sisi, na wiki iliyopita aliyarudisha ya mtu mmoja akiwa ameandika chini yake swali la Kiswahili: "Umejaribu saa sita usiku?"

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtunzaji wa programu huria,
Morogoro